Taa za Banda la Nne

Chumba cha lenzi,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Kile kikohozi kilichomfanya Mama anipigie simu kila asubuhi kusikiliza ninavyopumua kimekwisha, kwa hiyo mwambie apumzike na yeye. Goti lako linaendeleaje? Kaka alinipasha kwamba siku hizi unashuka ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi, ingawa namjua Kaka, akisimulia habari njema hutia chumvi kidogo ili tusimuulize zaidi. Nauliza kwa moyo, Baba, sijazi karatasi.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mtu ambaye hata kadi ya pole huwa naituma kwa simu. Lakini kwenye simu Mama huweka sauti ya nje na nyumba nzima huchangia mazungumzo, hadi fundi bomba akiwepo naye husalimia. Haya ninayotaka kukuambia ni yako kwanza. Tena nataka uyashike mkononi. Uyasome mara mbili au tatu, uyaweke mezani, na asubuhi uyakute palepale, asiwepo mtu wa kukuambia kwamba umeota.

Mama ameniambia mnavyoishi. Amesema unarudi mlangoni mara tatu kuhakikisha umefunga. Amesema unaandika kwenye kikaratasi kwamba umemeza dawa, kisha unamaliza nusu saa kukitafuta kikaratasi chenyewe. Kaka naye hakuachii tena umpeleke mjukuu wako shule, eti asije akasahauliwa njiani. Wote wanayasema kwa upendo na kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza karibu na mgonjwa. Kinachoniuma ni kwamba na wewe umekubali. Wewe uliyekuwa ukimbishia meneja mbele ya wafanyakazi wote, sasa ukiambiwa umesahau jambo unaitikia, unasema ndiyo, kichwa changu kimechoka tangu yale mambo ya taa. Nimeshindwa kulivumilia hilo, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Sasa nikupe habari za kazini, hapa shamba la maua. Alhamisi tulikuwa na sherehe. Chumba cha kufungashia kilipigwa deki mara mbili, meza za kupangia mashina zikatandikwa vitambaa vyeupe, na sisi tukaambiwa tuvae makoti masafi na tusimame nyuma tusizibe njia. Katikati ya meza kulikuwa na ndoo za bati zilizofungwa utepe, na ndani yake krisanti nyeupe za aina mpya. Wanaliita ua jipya. Petali zake zimejaa, zimelaliana safu juu ya safu, na lile jicho la manjano katikati limefinyika hadi limekuwa dogo kama kifungo cha shati. Wanunuzi walikuwa wanazungusha mashina mkononi na kuguna kwa kupendezwa. Meneja alitoa hotuba, akamaliza, akaanza nyingine. Kisha akamkaribisha Miwani.

Ndiyo, Miwani yuleyule, mtaalamu wetu wa maua. Miwani aliyekaa chumba chetu cha uani miaka miwili mizima, Mama akimpakulia kabla ya Kaka, na Kaka akinuna. Alikuja na vyeti vya kujaza begi lakini hakuweza kufungua sanduku la saa ya taa bila kupigwa shoti, na ni wewe uliyemwonyesha waya upi ushikwe na upi uogopwe. Ulikuwa unamwita mwanangu. Mimi mwanao wa damu nilikuwa naona wivu, lakini tulikuwa tunacheka naye, na nilimpenda kama ndugu, sitakuficha.

Miwani alisimama na suti mpya akaeleza jinsi alivyofikiri kwa muda mrefu kuhusu mwanga na ua. Nyuma yake ukutani walibandika karatasi kubwa yenye maelezo na michoro. Nilipoiona michoro ile nilisogea mbele, nikasahau kwamba tumeambiwa tusimame nyuma. Ilikuwa yangu. Kila kichipukizi pale nilikikata mimi kwa wembe, nikakiweka chini ya lenzi, nikakichora kwa penseli huku nimezuia pumzi. Hata lile doa la chai pembeni ya mchoro wa tatu wamelifuta vizuri, lakini mimi nalijua lilipokuwa. Jina lililoandikwa chini ni la Miwani peke yake.

Baba, kabla sijaenda mbali, nataka nirudie somo ulilonifundisha ningali msichana wa shule, nilipokuwa nakuletea chakula kazini na kukaa kukutazama. Uliniambia krisanti haijali sana jua la mchana, inajali urefu wa giza. Taa zikiwaka kwa muda wa saa nne tu katikati ya usiku, usiku unakatika vipande viwili, na mmea unaona muda wake haujafika, unaendelea kurefuka na kutoa majani. Ukizima taa na usiku ukawa mzima, ncha ya mmea inaacha majani na kuanza ua. Ulisema krisanti ni kama Mama, taa ya sebuleni ikiwaka hapati usingizi. Mama alikununia siku mbili kwa mfano huo.

Kazi hiyo uliifanya miaka kumi na tisa. Ulijua kila banda limebakiza usiku ngapi wa taa kabla ya kuzimiwa, na ukizima ulikuwa unafunga kitambaa chekundu kwenye sanduku ili mtu asiguse. Mwaka juzi ulizima taa za banda la nne siku ya Jumatatu, ukafunga kitambaa chako, Jumatano ukaenda likizo ya wiki tatu. Uliporudi ulikuta taa zimezimwa na kitambaa kipo, ukaridhika. Baadaye maua yakachanua, yamejaza petali na jicho hakuna, wakati oda ilikuwa ya ua la wazi lenye jicho pana la manjano. Maboksi yakarudishwa. Tukaitwa kwenye kikao.

Kikao kile unakikumbuka kuliko mimi. Meneja wetu anajua oda, ua halijui. Aliuliza nani alizembea. Miwani akanyanyuka polepole, akavua miwani yake akaifuta, akasema kwamba ulipokuwa likizo alipita banda la nne akakuta taa bado zinawaka, swichi hujaigusa, akazima mwenyewe na kufunga kitambaa kwa sababu hakutaka kumwaibisha mzee. Alisema kwa huzuni kabisa. Akaongeza kwamba ni umri, sote tutafika. Wewe ukasema ulizima. Ukasema mara ya pili, sauti imepungua. Mara ya tatu hukusema. Wiki iliyofuata wakakupa barua ya kupumzishwa kabla ya muda wako, na siku unaondoka ulimshika Miwani mkono ukamshukuru kwa kukusitiri. Ulimshukuru, Baba. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo.

Sasa nisome taratibu, maana ile karatasi ya ukutani imesema yenyewe jambo ambalo hakuna aliyelisema kwenye kikao. Imeandikwa kwamba katika banda la nne taa zilizimwa, giza likaachwa usiku kumi na mbili, halafu taa zikarudishwa usiku tisa, kisha zikazimwa tena moja kwa moja. Zimerudishwa, wameandika. Huwezi kurudisha kitu ambacho hakikuondolewa.

Na hata bila karatasi hiyo, maua yenyewe yalisema. Tunachokiita petali ya krisanti si petali tu, kila moja ni kijiua kamili, ila kina sehemu ya kike peke yake, hakina stameni, yaani sehemu ya kiume. Vile vijiua vidogo vya manjano vilivyobanana katikati, vinavyofanya jicho, ndivyo vyenye sehemu za kiume na za kike. Ncha ya mmea huanza kupanga vya pembeni, ikimaliza inaingia kwenye jicho. Kama ungesahau kuzima, mwanga usingekatika, na mimi chini ya lenzi ningekuta majani tu hadi siku ambayo Miwani alidai alizima, kisha ua la kawaida lenye jicho, limechelewa tu. Lakini nilichokikuta ni ua lililoanza vizuri gizani, kisha likashtuliwa na mwanga likiwa nusu ya kazi. Mahali palipokuwa pa jicho likaendelea kupanga petali. Aina ile huwa na petali ishirini na tano hadi thelathini, sote tunaijua. Mimi nilihesabu sitini na nane, sabini na moja, sitini na sita. Ua la namna hiyo haliwezi kutokea isipokuwa mtu kwanza amezima taa siku yake, kwa usahihi, halafu mtu mwingine amekuja kuziwasha.

Ulizima, Baba. Jumatatu ile ulizima kama ulivyosema. Kichwa chako hakikuwa na kosa wakati ule, na sidhani kama kina kosa sasa. Mtu yeyote akiambiwa miaka miwili mfululizo kwamba anasahau, na wanaomwambia ni watoto wake, ataanza kurudi mlangoni.

Nataka ujue pia jinsi huyo uliyemwita mwanao alivyolipanga. Halikuwa kosa, lilikuwa jaribio lake. Alitaka kuona ua litafanya nini mwanga ukirudi katikati ya safari yake, na alilifanyia kwenye banda lenye oda ya watu kwa sababu angeomba ruhusa angenyimwa. Lilipoharibu oda alihitaji mtu wa kulibeba, na wewe ulikuwa likizo. Aliacha upepo utulie, akarudia jaribio kimyakimya kwenye kibanda cha nyuma, safari hii kwa ruhusa, na sasa kosa lako limekuwa ugunduzi wake. Mwezi ujao atasafiri kwenda kulielezea kwenye mkutano. Meneja amesema ni fahari yetu sote.

Baada ya sherehe nilimfuata kwenye ile korido ya vyumba vya baridi. Nilimuuliza jina langu liko wapi, maana aliniahidi, aliniahidi zaidi ya mara moja, kwamba kazi ile itatoka na majina yetu mawili. Alinitazama kama anamtazama mteja msumbufu. Akaniambia nafasi kwenye karatasi ilikuwa ndogo. Karatasi ile, Baba, ina ukubwa wa mlango. Kisha akanisifu, akasema hakuna mkono kama wangu kwa kuchora, kwamba bila mimi asingefika, akanivisha kilemba cha ukoka pale pale kwenye korido na kuniacha nimekivaa. Miaka miwili nimekuwa nikimwamini mtu ambaye hata uongo wa kuniaga nao hakuutafuta vizuri.

Hadi hapa nimeandika kama mtu aliyedhulumiwa, na nimedhulumiwa kweli. Lakini wewe si mjinga, na lazima umeshajiuliza. Miwani alikuwa anaogopa lile sanduku. Ufunguo wake hakuwa nao. Uliniachia mimi ufunguo ulipokwenda likizo, ukasema humwamini mlinzi wala msimamizi, unaniamini mimi.

Taa niliziwasha mimi, Baba.

Miwani alikuja chumba cha lenzi Jumamosi alasiri, akakaa kwenye kiti chako, akaniambia meneja ameshakubali na wewe utaelezwa ukirudi. Sikumuuliza meneja. Ningeweza kuuliza, ofisi yake iko mlango wa nne. Nilitaka iwe kweli, kwa hiyo sikuuliza. Nilifungua sanduku la banda la nne, nikafungua kitambaa chako, nikapanga saa ya taa kama ulivyonifundisha, saa nne usiku hadi saa nane. Mlinzi asingeona ajabu, mabanda mengine yalikuwa yanawaka saa hizohizo. Usiku tisa ulipotimia nilizima, na nikafunga kitambaa kwa fundo lako lilelile. Fundo hilo nililifanyia mazoezi.

Asubuhi ya kikao Miwani aliniita pembeni. Akaniambia tukisema ukweli tutafukuzwa wote wawili, lakini mzee amebakiza muda mfupi tu, atapumzika, hatapoteza kitu. Nilikaa dirishani na daftari langu la hesabu mapajani, petali zote zimeandikwa humo, kila ua na tarehe yake. Ningelifungua tu. Uliposema mara ya kwanza kwamba ulizima, ulinitazama mimi. Nikainama nikachonga penseli.

Na si hayo yaliyo mabaya zaidi. Unakumbuka jioni ile uliporudi na ile barua yao, Mama amekwenda kwa jirani, tukabaki wawili jikoni. Ulisimama karibu na sinki ukaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako:

“Mwanangu, wewe hunifichi kitu. Niliziacha zinawaka?”

Nikakujibu:

“Ni umri tu, Baba. Usijilaumu.”

Ukashusha pumzi, ukasema basi, kama na wewe unasema hivyo. Tangu jioni ile hukubisha tena. Miwani alikutoa kazini tu, Baba. Mimi ndiye niliyekufanya usijiamini, na sikuhitaji zaidi ya maneno machache.

Kesho Jumatatu nitampelekea meneja daftari la hesabu na maelezo yangu yaliyosainiwa. Nitaeleza yote, na sehemu yangu sitaipunguza. Huenda Miwani akasafiri vilevile, ana ulimi mzuri. Mimi najua nitafukuzwa, na vitu vyangu nimeshavipanga kwenye boksi. Sikuambii haya unihurumie. Ninachokuomba ni kwamba barua hii uisome kwa sauti mbele ya Mama na Kaka, uisome wewe mwenyewe, na usiruke mahali kwa ajili ya kunisitiri. Nakujua, utataka kuruka.

Liko jambo moja ambalo Mama na Kaka si lazima walisikie, lakini wewe sikufichi tena. Nimekuwa na miaka miwili ya kuiandika barua hii. Nilikuja nyumbani mara nne, nikakuona unatafuta vikaratasi, nikala, nikaaga, nikaondoka. Kilichonikalisha chini ni Alhamisi, ni ile karatasi ya ukutani. Nimejiuliza tangu siku hiyo, na nimejaribu kujidanganya nimeshindwa. Kama jina langu lingekuwa pale chini, karibu na la Miwani, nadhani ningepiga makofi pamoja na wengine, kisha ningekuja nyumbani sikukuu, na ungeniuliza kama umefunga mlango, na ningekwenda kuutazama.

Usinipigie simu haraka kuniambia imekwisha. Kasirika kwanza, unayo haki, na mimi nitasubiri. Mpe Mama salamu zangu nyingi, mwambie nakula vizuri. Mjukuu wako mbusu paji la uso. Kaka mwambie nampenda, ila kazi ya kukuomba radhi tutaifanya wote wawili, asidhani ni yangu peke yangu. Mungu akuzidishie afya.

Ni mimi binti yako,
niliyekuwa radhi uitwe msahaulifu.